Siku Meza ya Zahanati Ilipopata Mimba

Mwaka ninaotaka kuwahadithia siujui kwa tarakimu, naujua kwa tumbo. Ulikuwa mwaka wa muhogo. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha, mchana muhogo wa kuponda, jioni makopa, na makopa ni muhogo huo huo uliokaushwa juani, usidanganyike na jina. Mchele ulikuwa kwa kadi, kadi zilikuwa kwa karani, na karani alikuwa na jamaa wengi. Wazungu walikuwa wakipigana huko kwao, na sisi huku Kisauni ndio tuliofunga. Waliozaliwa mwaka ule, mpaka leo ukiwauliza umri hukujibu, "Mimi ni wa muhogo," na kila mtu kutoka Magogoni hadi Mishomoroni anaelewa.

Mmoja katika hao wa muhogo asingekuwa na umri wa kuulizwa lau ningekubali kuchovya kidole changu kwenye wino. Hiyo ndiyo habari yangu. Nawaandikia nyinyi mnaosomea ukunga, kwa sababu mjukuu wangu Zuhura, ambaye ni mwenzenu, ameniambia darasa zima lilicheka aliposema bibi yake alisikia moyo wa mtoto tumboni kwa kipande cha mti. Chekeni. Mimi nina meno machache, lakini masikio yangu yote mawili ni mazima, na nimezalisha watu wengi kuliko waliomo katika chuo chenu pamoja na wapishi.

Kipande chenyewe cha mti tulikiita pembe. Kilikuwa kirefu kama shibiri, kimetobolewa katikati, mdomo mpana upande mmoja na kisahani cha kuwekea sikio upande wa pili. Hakina waya, hakina taa, hakitapiki karatasi. Mdomo waweka tumboni kwa mama, sikio waweka juu, kisha wanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo somo gumu, na sioni likifundishwa siku hizi.

Aliyenifundisha ni Bi Rukia, mkunga wa zahanati yetu. Mimi niliajiriwa pale niwe mfagizi. Bi Rukia alikuwa mnene, mkali, na sikio lake la kulia lilikufa zamani kwa homa, kwa hivyo alikuwa akisikiliza kwa la kushoto tu, na kusengenywa hakusikia kabisa, jambo lililomfaa sana kazini. Nilipofagia nikawa namwangalia, na alipoona namwangalia akaninyang'anya ufagio akanipa pembe.

Wiki ya kwanza sikusikia kitu. Nilisikia tumbo likinguruma kwa muhogo, nilisikia koo langu mwenyewe, moyo wa mtoto sikuusikia. Nikaona haya. Ya pili nikaanza kusema, "Naam, Bi Rukia, naam, unapiga." Akanitazama, akaendelea na kazi yake. Kesho yake akaniita chumba cha nyuma. Kulikuwa na mama amelala kitandani, amefunikwa leso mpaka usoni, tumbo liko juu kama chungu. "Huyu ana aibu," akaniambia mwenziwe aliyesimama mlangoni. "Sikiliza upesi."

Nikaweka pembe. Nikaweka sikio. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. "Unapiga vizuri sana, mashallah. Mtoto ana nguvu."

Leso ikafunuka, na aliyelala ni Bi Rukia mwenyewe.

"Hongera kwangu," akasema. "Nina miaka sitini, mume wangu yuko kaburini mwaka wa tisa, na nina mimba yenye nguvu. Mishi, hukusikia, sema hukusikia. Mtu hafi kwa sababu mkunga kasema sijui. Hufa kwa sababu kasema najua."

Nilicheka miaka mingi baadaye. Siku ile nililia kwenye ufagio.

Baada ya hapo akanifundisha kweli kweli, nami nawapa nyinyi kama nilivyopewa. Kwanza utafute mgongo wa mtoto. Weka viganja viwili, kimoja huku na kimoja huku, ubonyeze polepole. Upande mmoja utagusa viguu na vimikono, vinateleza, vinakwepa. Upande wa pili utagusa kitu kirefu kigumu kilichonyooka. Huo ndio mgongo, na moyo husikika hapo. Mkono mmoja umshike mama mshipa wa kifundo cha mkono, kwa sababu ukisikia mapigo yanayokwenda sawa na mshipa huo, umemsikiliza mama, na mama hakukwambia kuwa ni mgonjwa wa moyo. Na ukishaiweka pembe ikatulia, toa mkono wako. Toa mkono! Pembe ishikwe na sikio lako na tumbo la mama, basi. Mkono una pete zake na mishipa yake, na mti hausengenyi lakini haufichi siri. Shikeni neno hilo la mkono, tutalirudia.

Kisha kuna kuhesabu. Bi Rukia alihesabu kwa saa ya ukutani, nami saa sikuijua. Chuoni nilisoma Kurani tu, na hesabu yangu ilikuwa ya tasbihi. Zahanati ilikuwa na kichupa cha mchanga kinachomwagika dakika moja, basi nikachukua tasbihi yangu ya punje tisini na tisa, yenye alama kila punje thelathini na tatu. Kila pigo punje moja. Nilikaa miezi mitatu nikizoeza kidole kikimbie, mpaka mama mkwe wangu akawaambia majirani nimekuwa walii. Nikagundua hivi: mtoto mzima, mchanga ukimwagika wote, huwa kaimaliza tasbihi na kuingia duara la pili mpaka kwenye alama ya kwanza au karibu yake. Akishindwa kuimaliza hata mara moja, ana taabu. Sikuhitaji kujua hiyo ni mia na ngapi.

Mwalimu wa chuoni alikuja kunigombeza. "Mishi, tasbihi ni ya kumtaja Mungu!"

"Na moyo wa mtoto unamtaja nani, mwalimu?"

Akaenda zake kufikiri. Nadhani bado anafikiri, Mungu amrehemu.

Sasa mwaka wa muhogo. Bi Rukia alikuwa keshashindwa na miguu, yuko nyumbani, na kazi yote nafanya mimi. Kwenye daftari bado ni mfagizi. Tukaletewa habari kwamba atakuja Bwana Mkaguzi, daktari kutoka kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali, na akiridhika, mimi nitaandikwa mkunga msaidizi na nitapewa joho jeupe lenye mkanda. Wallahi nililitamani joho lile kuliko wali. Nilikuwa nimeshachagua na leso ya kulivalia.

Maandalizi mliyaona nyinyi? Hamkuyaona. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mbuzi wa jirani alifukuzwa. Waliozaa juzi waliambiwa warudi walale kitandani ili vitanda visionekane vitupu, na wenye homa waliambiwa wabaki kwao ili wasiharibu sura. Karani wetu, Stefano, mtu wa kalamu mbili mfukoni na usingizi mmoja mrefu kila mchana, alifungua ukurasa mpya katika daftari la wazazi, na kwenye mstari wa "Moyo wa mtoto" akaandika "mzuri" kutoka juu mpaka chini, kabla mama yeyote hajafika.

"Na akija mwenye moyo mbaya?" nikamuuliza.

"Asije leo," akasema Stefano.

Akaja. Kadzo, msichana wa Magogoni, mumewe mvunja mawe machimboni, mimba ya kwanza. Alikuja kwa miguu na mamake, uchungu umemshika tangu alfajiri.

"Bi Mishi, leo hakuna kuzaa, leo kuna ukaguzi," Stefano akanong'ona. "Mwambie asubiri."

"Mwambie wewe. Wewe ndiwe mwenye kalamu."

Nikamlaza Kadzo, nikatafuta mgongo, nikaweka pembe. Mtoto alipiga vizuri uchungu ulipotulia. Uchungu ukaja, ukapita, nikasikiliza tena pale pale, maana hapo ndipo mtoto husema kweli, pale uchungu unapoachia. Mchanga ukaanza kumwagika, kidole kikaanza kwenda. Nikangoja kikimbie. Hakikukimbia. Mchanga uliisha kidole kiko kwenye alama ya pili, punje thelathini na tatu hazijaguswa. Nikarudia uchungu uliofuata. Pale pale. Mtoto alikuwa anabanwa na kitu, na kila uchungu ulikuwa unambana zaidi. Huyo alitakiwa hospitali kubwa kisiwani, na gari hatukuwa nalo.

Gari likaingia uwanjani wakati ule ule. Lilikuwa la Bwana Mkaguzi.

Alikuwa mrefu, mwekundu kwa jua, na saa ya dhahabu kwenye mkono wa kushoto, saa nene, ambayo watu waliiamkia kabla yake. Nikamwambia kwa Kiswahili changu, naye alikuwa na Kiswahili chake, cha kuagizia chai. "Bwana, mtoto huyu moyo unaanguka. Apelekwe."

"Mimi sikia," akasema. Akachukua pembe. Mgongo wa mtoto hakuutafuta. Mshipa wa mama hakuushika. Aliisimamisha pembe karibu na kitovu, akaikamata kwa mkono wa kushoto kama mtu ashikaye chupa isimwagike, akaweka sikio. Uso ukamng'aa.

"Aaa! Mzuri sana! Mbio sana! Nguvu!"

"Mia na arobaini, bwana?" akauliza Stefano, kalamu juu.

"Mia arobaini," akakubali Bwana, na kuhesabu hakuhesabu hata moja.

Mamake Kadzo akanitazama, akamtazama yeye. "Huyu asema mtoto mzima, wewe wasema si mzima. Watoto ni wangapi humo ndani?"

Nami nilikuwa naitazama saa ile. Iko sentimita chache juu ya mti, inabisha. Nikafahamu.

"Stefano," nikasema, "mwambie bwana avue saa asikilize tena."

Stefano akamgeukia Bwana, akasema maneno ya Kizungu kwa tabasamu. Bwana akanipungia mkono, "Asante sana, mama."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia waisifu saa yake. Bi Mishi, nina watoto wanne."

Bwana akatia sahihi yake. Ukurasa ule ulitaka alama mbili: sahihi ya mkaguzi, na dole gumba la mhudumu kwenye kisanduku kando, ushahidi kwamba wote wawili wamesikia kitu kimoja. Bila alama mbili ukaguzi haukuisha, na bila ukaguzi kuisha Bwana hana cha kupeleka kisiwani, itabidi arudi Kisauni siku nyingine kula vumbi. Stefano akanisogezea wino. Kando ya wino akaweka karatasi ya ukunga msaidizi, nayo tayari, inangoja tu ukurasa ufungwe.

Nilifikiri hivi: nikiweka kidole, napata joho, gari linaondoka, na Kadzo anabaki na mimi na kipande cha mti. Nikakitia kidole changu kwapani.

"Huo sikuusikia mimi. Siweki kidole."

"Bi Mishi, kidole ni chako, lakini kazi si yako," Stefano akasema taratibu.

"Nini yeye sema?" akauliza Bwana.

Stefano akainamia daftari lake. Kadzo alikuwa ameshika kitanda kwa mikono miwili, hana sauti, na mwenye kuzaa akikosa sauti mimi huogopa kuliko akipiga kelele. Nikaona maneno hayatavuka kwa Stefano hata kwa kuvutwa. Nikaichukua pembe, nikaisimamisha juu ya meza ya karani, juu ya daftari lenyewe, juu ya safu ya "mzuri, mzuri, mzuri".

"Bwana, njoo. Shika kama ulivyoshika kule. Sikia."

Nadhani alidhani nataka anifundishe, na wakubwa hupenda sana kufundisha. Akainama. Mkono wa kushoto ukaikamata pembe, sikio likakaa. Akasikiliza. Masikio yakamgeuka rangi, kwanza la nje, kisha nina hakika hata lile lililolala juu ya pembe.

"Mzuri?" nikamuuliza. "Mbio? Nguvu?"

Akainua kichwa, akaitazama saa yake.

"Basi meza ina mimba, bwana. Na baba yake namjua, ni Karani Stefano, maana ndiye alalaye juu yake kila mchana."

Wale akina mama waliolazwa kwa ajili ya kupamba vitanda wakaangua kicheko, na mmoja wao aliyezaa juzi akashika nyuzi zake alizoshonwa akiomba nimwonee huruma. Hata Kadzo alifungua jicho. Baadaye, kwa kujifurahisha tu, niliwahi kuihesabu saa kama ile kwa kichupa na tasbihi. Ilimaliza duara tatu na punje zikazidi. Hata panya hana moyo huo.

Lakini nitamsema kwa haki. Bwana hakunipiga wala hakupiga kelele. Alivua saa akaitia mfukoni. Nikamwonyesha dirishani, mfukoni pia isikae. Akaiweka dirishani. Nikampeleka penye mgongo wa mtoto, uchungu ukaja ukaachia, akasikiliza mikono nyuma. Alikaa hapo muda mrefu. Aliponyanyuka alitazama tasbihi mkononi mwangu, nami nikamwonyesha punje niliyokwama. Akachukua ufunguo wa gari.

Tulimpakia Kadzo kiti cha nyuma, mimi nikapiga magoti chini, mamake mbele. Pale Nyali daraja lilikuwa la kuelea, na bahari ilikuwa imekupwa, kwa hivyo liliteremka chini kama ngazi na magari yalipita moja moja. Tukasimama nyuma ya lori la makaa. Kadzo akasema, "Mama, anakuja," na kweli alikuwa anakuja, hakujali foleni.

Bwana alikuwa na koti la mvua kitini, jipya. Nilitandika hilo. Kichwa kikatoka, na uzi wa kitovu umemzunguka shingoni mara mbili, umekaza. Hicho ndicho kilichokuwa kikimbana. Nikautoa wa kwanza, nikautoa wa pili, mtoto akatoka mwili mzima, wa kike, mlegevu kama kitambaa kilichorowa, rangi ya zambarau.

Bwana aligeuka akamwona. "Kufa," akasema, polepole.

Wanangu, mtoto akizaliwa hivyo msimtazame uso, uso hudanganya. Shikeni uzi wa kitovu pale unapotokea tumboni mwake, kwa vidole viwili, laini. Nikashika. Chini ya vidole, mbali, kitu kikagusa. Kikakaa. Kikagusa tena.

"Hajafa. Hesabu!" nikamwambia, na kwa mkono wa pili nikaanza kumgonga Bwana begani, kila pigo nagonga mara moja, ili ajue kama mimi. Tu. Kimya. Tu. Kisha nikamwachia mamake Kadzo kitovu na kugonga, akapinda nyuma akashika bila kuuliza, mikono ya mwanamke aliyezaa wanane haifundishwi. Nikamsafisha mtoto mdomo kwa ncha ya leso, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi ndogo ndogo ya mashavu tu. Nikasikia bega la Bwana likigongwa: tu, tu. Nikapuliza. Tu tu tu. Nikapuliza. Tututututu, mpaka Bwana akapiga ukelele wa Kizungu nisioujua maana yake, na mtoto akamjibu kwa ukelele wake, na lori la makaa mbele yetu likaondoka.

Wakamwita Sidi. Leo ana wana saba na mdomo kama wangu.

Mngedhani hapo ndipo nilipopata joho. Baada ya juma moja Stefano alinijia na daftari, na joho lenyewe limekunjwa juu yake, limepigwa pasi. Nililigusa, sitakataa. Lilikuwa zito, zuri. Kisha nikamwambia anisomee ukurasa. Akasoma: "Moyo wa mtoto mzuri, mia na arobaini. Umesikilizwa na Mkaguzi. Mtoto amezaliwa mzima." Saa haimo. Meza haimo. Koti la mvua halimo. Punje nilizokwama hazimo.

"Mtoto si mzima?" akauliza Stefano.

"Mzima."

"Basi moyo ulikuwa mzuri! Kidole, Bi Mishi, uvae nguo yako."

"Andika ulivyoanguka. Andika kabanwa na uzi. Akija Kadzo mwingine, atakayekuwepo asome ajue."

"Siwezi. Bwana kesha saini."

"Huo sikuusikia mimi. Siweki kidole."

Akaondoka na joho. Miaka yote iliyofuata nimezalisha nikiwa na ufagio, na siku ya kustaafu niliagwa kama mfagizi hodari. Nilifagia kweli, hawakudanganya.

Sasa kwa nini nayaandika leo. Zuhura amenichukua kuiona mashine yenu, ile ya kumfunga mama mkanda tumboni, ichore mistari. Nzuri mno, nimeipenda. Lakini nilimkuta muuguzi mmoja anaisifu karatasi, na mkanda umeteleza uko kwenye paja la mama. Paja lilikuwa na afya njema. Nilimshika yule mama kifundo, nikatazama tarakimu, zikaenda sawa. Mashine ilikuwa inamsikiliza yeye. Nyinyi hamjaiacha saa ya Bwana, mmeifunga mkanda tu. Gusa tumbo, shika mshipa, ngoja uchungu uachie. Karatasi itangoja, haina haraka ya kuzaliwa.

Na juzi wamekuja nyumbani kwangu Mishomoroni, mkuu mpya wa zahanati, kijana mpole, na Zuhura nyuma yake. Zahanati inataka kuonyesha madaftari yake ya zamani kwenye kabati la kioo, na wamegundua ukurasa mmoja una kisanduku kitupu. Wamekuja na wino. Sasa hivi najua kuandika, nilijifunza katika darasa la ngumbaru, la watu wazima, ningeweza hata kutia sahihi, lakini kisanduku ni cha kidole.

"Bibi," akasema mkuu, "ni kwa heshima yako. Na jina lako tutaliandika chini, mkunga msaidizi."

"Bibi, wote washakufa," akanibembeleza Zuhura. "Ni kidole tu."

Nikavaa miwani nikausoma ule ukurasa mwenyewe, mara ya kwanza kwa macho yangu. Mzuri, mzuri, mzuri, mpaka chini. Nikawakaribisha chai. Nikawaletea na muhogo wa kuchemsha, waonje mwaka wenyewe ulivyokuwa. Kisha nikausukuma wino upande wao wa meza.

"Huo sikuusikia mimi. Siweki kidole."